Tiba ya homoni unapokoma hedhi: namna ya kupima faida na hatari kabla hujaamua

Maswali huwa ni yaleyale. "Eti homoni zinaleta saratani?" "Rafiki yangu kapewa kibandiko na sasa analala fofofo, na mimi nianze?" "Nimeambiwa nivumilie, yatapita. Yatapita lini?" Anayeuliza hutaka ndiyo au hapana, na kwa sababu hiyo mara nyingi huondoka na jibu lisilomfaa, ama la kumtisha bure au la kumpamba dawa kupita kiasi.

Hatari ya tiba hii, ya kumrudishia mwanamke homoni ambazo mwili huacha kuzitengeneza hedhi ikikoma, hailingani kwa kila mtu. Mwanamke wa miaka 51 mwenye presha nzuri anayetumia kibandiko cha homoni kwenye ngozi yuko mbali sana na mwenzake wa miaka 66 anayemeza vidonge kwa mara ya kwanza. Kabla ya kuuliza kama dawa ni salama, uliza ni dawa ipi, kwa mwili upi, katika umri gani, kwa muda gani. Ukifuata hatua zilizo hapa chini utamaliza ukiwa na ukurasa mmoja wa kumpelekea daktari. Uamuzi wa kuandikiwa dawa unabaki kwenu wawili, ila hutakwenda kuitikia tu.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Daftari na kalamu. Simu nayo inafaa, lakini karatasi ni rahisi kuiweka mezani mbele ya daktari.
- Tarehe ya hedhi yako ya mwisho, hata kwa kukadiria.
- Kipimo cha presha cha hivi karibuni, pamoja na uzito na urefu wako.
- Orodha ya kila dawa unayotumia, zikiwemo za mitishamba na virutubisho.
- Kama uliwahi kufanyiwa upasuaji wa tumbo la chini: je, kizazi (mji wa mimba) kilitolewa? Na ovari (vifuko vya mayai)? Tafuta karatasi za hospitali. Wengi hukumbuka operesheni bila kujua hasa kilichotolewa.
- Historia ya familia: mama, dada, shangazi na bibi. Saratani ya matiti au ya ovari, damu kuganda miguuni au mapafuni, kiharusi, kuvunjika nyonga. Andika na umri waliougua.
- Majibu ya mwisho ya uchunguzi wa matiti na wa shingo ya kizazi.

Hatua ya 1: Hakikisha ni hedhi inayokoma kweli

Hedhi huhesabiwa kuwa imekoma baada ya miezi 12 mfululizo bila damu, pasipo sababu nyingine. Wengi hufika hapo kati ya miaka 45 na 55. Usumbufu huweza kuanza miaka kadhaa kabla, hedhi ikiwa bado inakuja na kuruka, na hulazimiki kusubiri ikome kabisa ndipo uombe msaada.

Ukiwa na miaka 45 au zaidi na dalili zako ni zile zinazofahamika, kwa kawaida huhitaji kipimo cha damu cha homoni. Katika kipindi hiki homoni hupanda na kushuka ovyo, hivyo jibu la leo linaweza kupingana kabisa na la mwezi ujao. Kipimo kina maana zaidi kwa aliye chini ya miaka 45, na kwa aliye chini ya 40 ni lazima achunguzwe vizuri.

Tahadhari: si kila jasho la usiku ni la homoni. Likiambatana na homa, kikohozi kisichokwisha au kukonda bila sababu, chunguzwa hayo kwanza. Moyo kwenda mbio na mikono kutetemeka huweza kuwa tezi ya shingo. Na kama hedhi imeruka na bado unakutana na mwanamume, pima mimba. Kuna wanaoshtuka wakiwa na miaka 47.

Hatua ya 2: Pima usumbufu wako kwa wiki mbili

Faida kubwa ya tiba ya homoni ni kuondoa dalili. Asiye na dalili zinazomsumbua ana kidogo sana cha kuweka upande wa faida, kwa hiyo anza kwa kujua unabeba mzigo kiasi gani. Kila jioni andika mistari michache, kwa mfano:

"Jumanne. Joto la ghafla mara 6, moja katikati ya kikao. Usiku nimeamka mara 3, shuka limelowa mgongoni. Asubuhi nimemfokea mtoto bila sababu. Tendo la ndoa: maumivu, tumeacha."

Baada ya siku 14 utaona kitu ambacho kumbukumbu huficha. Wengine hugundua kwamba joto wanaliweza ila usingizi ndio unaowamaliza. Wengine hukuta shida yao yote iko ukeni: ukavu, maumivu, mkojo kuunguza, maambukizi ya njia ya mkojo yanayojirudia. Huyu wa mwisho ana njia rahisi zaidi, na nitamrudia kwenye hatua ya 7.

Kuhusu "yatapita lini": utafiti mkubwa wa Marekani uliowafuatilia wanawake kwa miaka mingi ulikuta nusu yao huendelea kupata joto la ghafla kwa zaidi ya miaka 7. Mtu akikwambia uvumilie, muulize ni uvumilivu wa muda gani.

Hatua ya 3: Angalia kama kuna kinachofunga mlango

Weka alama mbele ya kila linalokuhusu:

- Umewahi kuwa na saratani ya matiti, au saratani nyingine inayochochewa na estrojeni (homoni kuu ya kike, ndiyo dawa kuu ya tiba hii).
- Unatokwa damu ukeni bila sababu kujulikana.
- Umewahi kupata damu kuganda kwenye mshipa wa mguu au mapafuni.
- Umewahi kupata kiharusi au mshtuko wa moyo.
- Una ugonjwa wa ini ambao bado haujatulia.
- Presha yako iko juu na haijadhibitiwa.

Alama moja tu inatosha kukuambia usianze bila daktari kukuchunguza kwa kina. Mengine hufunga mlango moja kwa moja, kama saratani ya matiti. Mengine ni kizuizi cha muda: presha ikishuka, damu ukeni ikishajulikana inatoka wapi, mazungumzo yanaanza upya. Na kwa aliyewahi kupata bonge la damu, wakati mwingine mtaalamu huona kibandiko kinawezekana ambapo vidonge haviwezekani.

Kosa la kawaida: kuficha. Usiache kutaja operesheni ya uvimbe titini au mguu uliovimba baada ya kujifungua kwa kuogopa kunyimwa dawa. Hatari utakayoificha itabaki mwilini mwako.

Kipandauso, kisukari, uvimbe wa fibroidi au presha iliyodhibitiwa kwa dawa havifungi mlango kwa vyenyewe, ila hubadilisha aina ya dawa utakayopewa. Vitaje.

Hatua ya 4: Jibu maswali matatu yanayobeba uzito mkubwa

La kwanza: una umri gani, na hedhi ilikoma lini? Aliye chini ya miaka 60, au ambaye haijapita miaka 10 tangu hedhi ikome, kwa kawaida faida zake huzidi hatari kama ana dalili zinazomsumbua na hana kizuizi. Anayeanza baada ya hapo huingia na mishipa iliyozeeka zaidi, na mizani huanza kuegemea upande wa pili. Kumbuka kipimo hiki ni cha umri wa kuanza. Aliyeanza mapema na anaendelea vizuri hanyang'anywi dawa siku anapotimiza 60.

La pili: una kizazi? Estrojeni ikitumika peke yake huuotesha utando wa ndani wa kizazi, na utando ukikua bila breki huweza kugeuka saratani. Hilo limejulikana tangu miaka ya 1970. Ndiyo maana mwenye kizazi hupewa homoni ya pili, projestojeni, ya kuulinda utando huo. Aliyeondolewa kizazi kwa kawaida hutumia estrojeni pekee. Swali hili hubadilisha pia hesabu ya saratani ya matiti, kama utakavyoona.

La tatu: je, hedhi ilikoma kabla ya wakati? Ikiwa ilikoma kabla ya miaka 45, na hasa kabla ya 40, iwe yenyewe au kwa sababu ovari zilitolewa, acha kusoma takwimu za hatua ya 5 kana kwamba ni zako. Takwimu hizo ni za wanawake waliokoma kwa umri wa kawaida. Kwako wewe homoni zinajaza pengo la kile ambacho mwili ungekuwa bado unakitengeneza, na kukaa bila hizo kunaongeza hatari ya mifupa dhaifu na ugonjwa wa moyo. Ushauri wa kawaida ni kutumia angalau hadi umri wa kawaida wa kukoma hedhi, takriban miaka 51, isipokuwa kama kuna kizuizi.

Hatua ya 5: Geuza asilimia kuwa watu

Hapa ndipo wengi wanapopotezwa, kwa hiyo tutakaa kidogo.

Hofu kubwa iliyopo hadi leo ilianza Julai 2002. Utafiti wa Marekani uitwao Women's Health Initiative ulikuwa ukiwafuatilia wanawake 16,608 wenye kizazi. Baadhi walimeza kila siku kidonge cha estrojeni iliyotokana na mkojo wa farasi majike wenye mimba, pamoja na projestojeni ya kutengenezwa. Wengine walimeza kidonge kisicho na dawa. Sehemu hiyo ya utafiti ilisimamishwa kabla ya muda wake, na habari ikasambaa kwamba homoni zinaongeza saratani ya matiti kwa asilimia 26. Wanawake wengi waliacha dawa mara moja.

Asilimia 26 ya nini? Hilo ndilo swali la kuuliza kila unapoona asilimia. Hizi hapa ni hesabu zenyewe, kwa wanawake 10,000 katika mwaka mmoja:

- Saratani ya matiti: 30 kwa wasiotumia, 38 kwa waliotumia.
- Ugonjwa wa mishipa ya moyo: 30 na 37.
- Kiharusi: 21 na 29.
- Bonge la damu mapafuni: 8 na 16.
- Kuvunjika nyonga: 15 kwa wasiotumia, 10 kwa waliotumia.
- Saratani ya utumbo mpana: 16 na 10.

Tazama mstari wa bonge la damu. Mtu anaweza kusema "hatari imeongezeka mara mbili" na asiwe amedanganya. Mwingine akasema "ni wanawake 8 zaidi katika kila 10,000" naye akawa sahihi. Sentensi ya kwanza inakutoa jasho. Ya pili inakupa kitu cha kufikiria. Andika ya pili kwenye daftari lako, siku zote.

Halafu uliza: hao waliochunguzwa wanafanana na mimi? Wastani wa umri wao ulikuwa miaka 63, na wengine walikuwa na miaka 79. Wengi walianza dawa miaka mingi baada ya hedhi kukoma. Ukiwa na miaka 52 na hedhi imekoma mwaka jana, hatari yako ya kuanzia ya moyo na kiharusi iko chini sana kuliko yao, na nyongeza inakuwa ndogo vilevile. Sehemu nyingine ya utafiti huohuo, ya wanawake 10,739 walioondolewa kizazi na kupewa estrojeni peke yake, ilisimamishwa mwaka 2004 kwa sababu kiharusi kiliongezeka. Lakini saratani ya matiti haikuongezeka, na walipofuatiliwa kwa miaka mingi ilionekana kuwa chache kidogo. Mwaka 2017, baada ya ufuatiliaji wa takriban miaka 18, idadi ya vifo kwa jumla haikutofautiana kati ya waliotumia homoni na wasiotumia.

Usije ukatoka hapa ukidhani saratani ya matiti ni hadithi. Mwaka 2019 watafiti waliounganisha takwimu za tafiti nyingi duniani walitoa makadirio ya wanawake wanaotumia homoni kwa miaka 5 kuanzia umri wa 50. Walihesabu ni wangapi kati ya 1,000 watapata saratani ya matiti kufikia miaka 69:

- Wasiotumia kabisa: 63.
- Estrojeni peke yake: 68.
- Estrojeni kila siku, na projestojeni kwa baadhi ya siku za mwezi: 77.
- Zote mbili kila siku: 83.

Hapo ni 20 zaidi katika kila 1,000 kwa aina iliyo juu kabisa, yaani mmoja katika kila 50. Kwangu hicho si kiasi cha kupuuza, na daktari anayekipuuza namwona sawa na anayekuza asilimia 26. Utaona pia kwamba kwa estrojeni peke yake tafiti hizi mbili hazikubaliani. Zinakubaliana kwamba projestojeni ndiyo inayoongeza sehemu kubwa ya hatari ya titi, na kwamba muda wa matumizi una uzito: kadiri unavyotumia miaka mingi, ndivyo hatari inavyopanda, na baadhi yake hubaki hata baada ya kuacha. Kwa kulinganisha, unene uliopitiliza baada ya kukoma hedhi nao huongeza saratani ya matiti, lakini sijawahi kusikia mtu akiuogopa kama anavyoogopa kibandiko.

Kosa la kawaida: kusoma karatasi iliyo ndani ya pakiti na kuiona kama utabiri wako. Karatasi hizo nyingi ziliandikwa kutokana na matokeo ya 2002. Novemba 2025 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitangaza kuondoa onyo kali kuhusu moyo, saratani ya matiti na ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu, ikabakiza lile la saratani ya utando wa kizazi kwa estrojeni inayotumika peke yake. Kwa hiyo unaweza kukuta pakiti mbili zenye maonyo tofauti.

Hatua ya 6: Jaza upande wa faida bila kuupamba

Joto la ghafla hupungua kwa takriban robo tatu. Hakuna dawa nyingine inayoifikia tiba hii hapo. Usingizi hurudi kwa wale ambao jasho ndilo lililokuwa likiwaamsha. Ukavu ukeni huisha au hupungua. Mifupa hulindwa kwa muda wote unaotumia, na ulinzi huo hupungua ukiacha.

Yasiyofaa kuandikwa upande huu: kuzuia ugonjwa wa moyo, kuzuia kusahau uzeeni, kupunguza uzito, kurudisha ujana wa ngozi. Usianze homoni kwa sababu hizo. Kwa walioanza vidonge wakiwa na miaka 65 na zaidi, utafiti ule wa Women's Health Initiative ulikuta kupoteza kumbukumbu kukiongezeka.

Hatua ya 7: Chagua njia ya kuingiza dawa

Kidonge hupita kwenye ini kwanza, na ini likichokozwa na estrojeni hutengeneza zaidi vitu vya kugandisha damu. Kibandiko, jeli na dawa ya kupuliza kwenye ngozi huingia kwenye damu moja kwa moja, na kwa dozi za kawaida havijaonekana kuongeza hatari ya damu kuganda. Kama wewe ni mnene, una presha, kipandauso, mawe ya nyongo au sukari, uliza njia ya ngozi kabla ya kidonge.

Kibandiko hubandikwa chini ya kiuno, kwenye tako au nyonga, kamwe si kwenye titi. Ngozi iwe safi, kavu, isiyo na mafuta ya kujipaka. Ukishakibandika kikandamize kwa kiganja kwa sekunde kama 10, upitishe kidole kwenye kingo zote. Aina nyingi hubadilishwa mara 2 kwa wiki, na kipya hakibandikwi mahali palepale. Jeli hupakwa kwenye mkono wa juu au paja. Iache ikauke, nawa mikono, na usimruhusu mtoto aguse sehemu hiyo mpaka ikauke kabisa na kufunikwa na nguo.

Projestojeni nayo ina njia zake. Projesteroni inayofanana na ile ya mwili humezwa usiku kwa sababu huleta usingizi, jambo ambalo wengi hulipokea kwa mikono miwili. Kitanzi chenye homoni ya levonojestreli kinaweza kufanya kazi hiyo kwa miaka 5 na kikazuia mimba. Kama bado unaona hedhi, mara nyingi utapewa projestojeni kwa siku kadhaa za mwezi, na utatokwa damu kila mwezi. Kama imeshakoma, utapewa kila siku.

Sasa yule ambaye shida yake yote iko ukeni. Estrojeni ya dozi ndogo ya kuweka ukeni, iwe krimu, kidonge au pete, huingia kwenye damu kwa kiasi kidogo mno. Hatari za hatua ya 5 hazimhusu kama zinavyowahusu wengine, na hahitaji projestojeni. Aliyewahi kuugua saratani ya matiti aongee kwanza na daktari wake wa saratani. Na vilainishi visivyo na homoni vipo.

Tahadhari: jihadhari na michanganyiko ya "homoni za asili" inayotengenezwa kwa mtu mmoja mmoja bila kusajiliwa. Dozi yake haijulikani kwa uhakika, na projestojeni ikiwa pungufu kizazi kinabaki bila ulinzi.

Hatua ya 8: Andika ukurasa wako mmoja

Gawa ukurasa sehemu mbili: kushoto sababu za kutumia, kulia mambo ya kupima kwa upande wa hatari. Mfano wa mwanamke wa miaka 52:

Kushoto: "Joto mara 7 kwa siku. Naamka mara 3 usiku. Kazi inaharibika. Bibi alivunjika nyonga."

Kulia: "Nina kizazi, kwa hiyo homoni mbili. Shangazi, saratani ya matiti akiwa na 70. Presha 128/80. Sivuti sigara. Uzito umezidi kidogo."

Chini yake: "Hedhi ilikoma miezi 14 iliyopita. Sina kizuizi cha hatua ya 3. Naweza kukubali nini, na nini siwezi?"

Swali hilo la chini hakuna atakayekujibia. Wapo wawili wenye ukurasa unaofanana neno kwa neno. Mmoja aliyemuuguza mama yake saratani ya matiti akakataa, mwingine aliyekaribia kuacha kazi akakubali, na wote wawili wameamua vizuri.

Ukikataa, au mlango ukiwa umefungwa, zipo dawa zisizo za homoni kwa ajili ya joto la ghafla: venlafaksini na ndugu zake wa dawa za sonona kwa dozi ndogo, gabapentini, na fezolinetanti iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2023, ambayo inahitaji vipimo vya ini. Anayetumia tamoksifeni (dawa ya saratani ya matiti) asipewe paroksetini, mojawapo ya hizo dawa za sonona, kwa maana huipunguzia tamoksifeni nguvu. Tiba ya mazungumzo ya kubadili fikra na mazoea nayo imeonekana kusaidia.

Hatua ya 9: Ingia kwa daktari ukiwa na maneno tayari

"Daktari, nimeandika dalili zangu za wiki mbili. Ningependa tuangalie kama tiba ya homoni inanifaa." Kisha uliza haya:

- Kwa umri wangu na historia yangu, hatari itaongezeka kwa watu wangapi katika 1,000?
- Kwa nini kidonge na si kibandiko, au kinyume chake?
- Kizazi changu kitalindwa na nini?
- Dawa zangu nyingine zinagongana na hii? (Rifampisini ya kifua kikuu na baadhi ya dawa za kifafa hupunguza nguvu ya homoni, anayemeza dawa ya tezi huweza kuhitaji dozi ya tezi ipandishwe akitumia estrojeni ya vidonge.)
- Tutaonana lini tena?

Akikujibu, "Mama, hayo ni ya umri tu," mwonyeshe daftari. Asipolitazama, una haki ya kutafuta mwingine.

Hatua ya 10: Jaribu miezi mitatu, halafu pima tena

Anza na dozi ndogo inayofaa, endelea kuandika daftari, na rudi baada ya miezi 3. Baada ya hapo, mara moja kwa mwaka: presha, uchunguzi wa matiti kwa ratiba ya kawaida, na swali lilelile kama bado unaihitaji. Tiba ya homoni haizuii mimba. Aliyekoma hedhi kabla ya miaka 50 aendelee kujikinga kwa miaka 2 tangu hedhi ya mwisho. Baada ya 50, mwaka mmoja.

Mambo yasipokwenda sawa

*Natokwa damu ovyo.* Katika miezi 3 hadi 6 ya mwanzo ni jambo la kawaida. Ikiendelea baada ya hapo, ikianza upya baada ya kukatika, au ikiwa nyingi, utando wa kizazi uchunguzwe. Usijiongezee wala kujipunguzia projestojeni.

*Matiti yanauma, nina kichefuchefu.* Mara nyingi hutulia ndani ya wiki chache. Yasipotulia, dozi ipunguzwe au njia ibadilishwe.

*Nimekuwa na huzuni na hasira tangu nianze projestojeni.* Mwambie daktari. Zipo aina kadhaa, na anayeshindwa na moja huweza kuivumilia nyingine. Usiiache huku ukiendelea na estrojeni. Hilo ndilo kosa ninaloliogopa kuliko mengine yote hapa.

*Kibandiko kinabanduka.* Angalia mafuta ya kujipaka na mahali nguo inapokwaruza. Kikianguka weka kipya, lakini siku ya kubadilisha ibaki ileile.

*Miezi mitatu imepita na sijaona tofauti.* Hakikisha kwanza unatumia ilivyoelekezwa. Kisha dozi ipitiwe, na baada yake uliza kama dalili zinatokana na kitu kingine: tezi, upungufu wa damu, sonona.

*Mguu mmoja umevimba na unauma, kifua kinabana, nimepungukiwa pumzi ghafla, uso umepinda au upande mmoja wa mwili umekufa ganzi.* Hospitali sasa hivi, na waambie unatumia homoni.

*Nataka kuacha.* Unaweza kuacha ghafla au kupunguza taratibu. Kupunguza huenda kukakuepusha na dalili kurudi kwa kishindo wiki za mwanzo, ila baada ya muda mrefu matokeo huwa sawa. Joto likirudi, subiri miezi michache uone kama litatulia. Lisipotulia, rudi hatua ya 4 na umri wako wa sasa. Ukavu ukeni kwa kawaida haukomi wenyewe, na ile dawa ya ukeni unaweza kuendelea nayo hata baada ya kuacha nyingine zote.